Harusi ya msimu wa vuli Nairobi: jakaranda, mvua na saa za mwanga

Ndugu, umeuliza jinsi ya kupanga picha za harusi ya Jumamosi ya mwisho wa Oktoba: ibada mjini saa nne asubuhi, wanandoa wanataka picha chini ya jakaranda, kisha sherehe kwenye tenti huko Karen, mtaa ulio mbali na katikati ya jiji. Umeuliza pia kama ukodi lenzi ya 70-200, ile ya kuvuta mbali. Ikodi ukitaka, ila shida yako ni ratiba. Msimu huu siku ina vipindi viwili vifupi vya mwanga mzuri, na cha jioni mara nyingi huliwa na mvua za vuli.

Tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda na kushuka karibu wima. Kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa liko juu mno: macho yanakuwa mashimo meusi, paji la uso na pua vinang'aa. Jioni linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mwanga laini unadumu saa moja tu kabla ya hapo, na dakika ishirini baada ya kuzama ni giza. Mafunzo ya Ulaya yanayosema usubiri jioni ndefu hayakufai hapa.

Kwa hiyo kaa na familia mapema uulize jambo moja: bwana na bibi harusi wanaweza kuonana kabla ya ibada? Wakikubali, piga picha zao saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, halafu nendeni kanisani. Familia nyingi hukataa, na hiyo ni haki yao. Basi tenga dakika 40 mara tu baada ya kanisa, na nyingine 30 kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hukohuko Karen. Usitegemee kurudi mjini: Ngong Road au Lang'ata Road Jumamosi yenye mvua inaweza kukula saa nzima na zaidi.

Jakaranda yenyewe ina mtego. Wakati wa kuchanua majani huwa machache, hivyo kivuli chake kina matundu na nyuso zinapata madoa ya jua. Usiwasimamishe chini yake mchana. Waweke kwenye kivuli kizito cha jengo au mti mwingine, jakaranda iwe nyuma yao mita 10 hadi 15, lenzi ya milimita 85 kwenye f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi ili nyuma kufifie. Kama hakuna kivuli, msaidizi ashike kitambaa cheupe cha kuchujia mwanga cha sentimita 110 juu ya vichwa vyao. Angalia nyuki, na pia maua yaliyolowa chini: yanateleza vibaya kwa viatu virefu.

Mahali: bustani ya miti ya Arboretum na msitu wa Karura ni tulivu, lakini ulizia kibali cha kupiga picha na ukilipie siku kadhaa kabla, usibishane langoni bibi harusi akiwa garini. Barabarani katikati ya jiji kanjo (askari wa jiji) watakuuliza kibali pia. State House Road ina miti mizuri, ila kamera karibu na Ikulu italeta walinzi. Iache.

Rangi ndiyo inayowaangusha wengi. Ukiacha kamera ijichagulie mizani ya weupe (jinsi inavyosawazisha rangi kulingana na mwanga), zambarau ya jakaranda inageuka buluu fremu moja na kijivu inayofuata. Funga mizani kwenye 5500K juani, 6500K mawingu yakifunga, piga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera), na upige fremu moja ya kadi ya kijivu kila mnapohama, ikusaidie kusahihisha rangi baadaye. Kuhusu mwangaza, gauni jeupe likijaa fremu kamera hutia giza na uso mweusi unapotea kabisa. Pima kwenye shavu, kisha hakikisha kwenye histogramu (mchoro wa mwangaza ulio kwenye kamera) kwamba lesi ya gauni haijaungua. Karatasi za kunyonya mafuta ya uso ziwe mfukoni mwa matroni.

Ndani ya tenti, tazama mapazia kwanza. Flashi ukiielekeza juu kwenye kitambaa cha zambarau au chekundu, nyuso zote zitarudi na rangi hiyo, na hakuna programu itakayozisafisha vizuri. Kama dari si jeupe, weka flashi mbili kwenye stendi pembeni, urefu wa mita 2.5, na miavuli myeupe. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa na kuacha michirizi kwenye picha. Kaa kwenye kasi ya shata ya sekunde 1/50 au 1/100 pale unapotegemea mwanga wao, na tumia shata ya mekanika, si ya kielektroniki. Kwa taa za dijei hata hiyo haitoshi kila mara, hapo flashi ndiyo mkombozi.

Mvua ikinyesha, usiifiche. Nunua miavuli miwili mikubwa, myeupe au ya kupenya mwanga. Ile ya rangi rangi ya gofu inapaka nyuso rangi. Weka flashi moja nyuma ya wanandoa, mita 3, nguvu 1/8, imefungwa kifuniko cha kuzuia maji, kamera 1/160, f/4, ISO 800. Matone yatawaka, hasa nyuma kukiwa na giza.

Picha za ukoo zipigwe penye ngazi za kanisa kabla gari la kwanza halijaondoka, f/8 ili nyuso za safu zote tatu zionekane wazi. Orodha ya majina awe nayo shangazi mwenye sauti anayewajua watu wa pande zote mbili. Makundi 12, dakika mbili kila moja, wazee na wenye watoto wachanga kwanza. Mkifika Karen nusu yao watakuwa wamekwama njiani.