Muulize Anti: Mume wangu anasema namlilia marehemu asiyenijua

*Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina kaduka ka vipodozi. Albamu ya Ngwea, yule msanii wa Bongo Fleva, inatoka 2004 nilikuwa kidato cha pili, na kaka yangu alikuwa na kibanda cha kunyolea kule Chang'ombe, nikitoka shule napitia pale nakaa kwenye benchi nasikiliza mziki mpaka giza. Kaka alifariki 2011. Ngwea akafariki 2013, na Anti siku ile nililia kuliko nilivolia kwenye msiba wa kaka, mpaka leo naona aibu kusema. Sasa hadi leo nyimbo zake zikipigwa kwenye bajaji machozi yanatoka yenyewe, na mwisho wa mwezi wa tano ndo siwezi kabisa. Mume wangu alikuwa ananyamazaga ila mwaka huu kachoka, kasema yule marehemu hakujui, na kama sio yeye basi kuna mtu. Kafuta nyimbo zote kwenye flashi. Mama mkwe anasema kumlilia mtu asiye ndugu ni uchuro, nitaita msiba ndani. Wifi kanitania niende Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimebaki na kaseti moja aliyorekodi kaka kutoka redioni, katikati ya wimbo anasikika ananifokea "toka hapo mlangoni unanizibia mwanga", ila sina redio ya kuichezea na naogopa kuisikia. Zile nyimbo zina kaka yangu, zina shule, na mengine ya ujana. Anti, nina tatizo? Mama Wawili.*

Marahaba mdogo wangu. Pole ya kufiwa na Ngwea. Naitoa peke yake kabisa, ya kaka yako nitaitoa huko chini, kwa sababu nina uhakika toka 2013 hamna mtu hata mmoja aliyekushika mkono akakupa pole ya yule kijana, wote walikuangalia tu wakacheka.

Nianze na kitu ambacho watu wenye nia nzuri watakuambia, tena watakuambia kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mama we humlilii Ngwea bana, unamlilia kaka yako. Mi hiyo sikubali, au niseme nakubali nusu. Albert Mangwea alikuwa mtu, hakuwa kisingizio cha kulilia watu wengine. Kazaliwa Mbeya, kasoma hapa hapa kwetu, Mazengo, ambayo toka 2007 ni chuo kikuu cha St. John's kwa hiyo madogo wa sasa hata hawajui kulikuwa na sekondari pale. Kundi lao la Chamber Squad na kina Noorah, Mez B na Dark Master ilikuwa ni kitu cha watoto wa Dodoma kujivunia, halafu akaingia studio ya Bongo Records kwa prodyuza P Funk ikatoka albamu yenyewe, A.K.A. Mimi, nchi nzima ikawa inaongea kama yeye.

Na wanaokucheka sa hivi wasahaulifu, au hawakuwepo. Dodoma ya 2004 haikuwa hii ya maghorofa na misafara ya mawaziri. Serikali ilikuwa inahamia kila mwaka kwenye makaratasi, kuhamia kwenyewe tumekuja kuona baada ya 2016, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilikuwa hakijafunguliwa, ukienda Dar ukisema umetoka Dodoma unaulizwa habari za vumbi na zabibu na ombaomba basi. Sasa we ni binti wa kidato cha pili, umekaa kwenye benchi Chang'ombe, unasikia mtu aliyekalia madawati ya Mazengo anaghani Kiswahili chepesi kile cha mtaani, bila kujikaza, bila kuiga Wamarekani, na watu wa Dar ndo wanamfuata yeye. Huyo unamwitaje mtu asiyekujua? Hakujua jina lako, sawa, ila maisha yako aliyajua vizuri tu.

Afu akafia Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, miaka 30 tu. Hata mwezi haujaisha rapa Langa naye akaondoka. Februari 2015 Mez B, tena huyo kafia hapa hapa Dodoma. Watu wa umri wako hamkupewa hata nafasi ya kupumua, ujana wenu ulikuwa unazikwa mmoja mmoja na nyie mkiwa bado vijana.

Sasa nije kwenye aibu yako, hii ya kulia zaidi kwa Ngwea kuliko kwa kaka. Hebu kumbuka vizuri msiba wa kaka ulikuwa unafanya nini. Mi sikuwepo ila misiba yetu naijua, dada wa marehemu analia pale habari inapofika na siku ya kaburini, muda wote uliobaki yuko kazini. Ni nani kala nani hajala, mchele umebaki kilo ngapi, daftari la rambirambi liko kwa nani, mashangazi kutoka kijijini watalala wapi, mama kapandisha presha yuko chumbani mtu asimwache peke yake. Unalia saa ngapi hapo? Watu wakatawanyika, turubai likashushwa, arobaini ikapita, maisha. Miaka miwili mbele redio inatangaza Ngwea kafariki, na safari hii huna sufuria ya kukoroga wala mgeni wa kumpokea, umekaa tu na habari yenyewe. Ulitegemea nini? Yakatoka yote kwa pamoja, ya kaka na ya Ngwea, na sioni sababu ya kukaa kuyachambua kama mchele kujua punje ipi ya nani.

Ila kuna tofauti moja. Kaka yako alikuwa na matanga, yalianza na yakaisha, watu wakaja wakakuambia pole wakala wakaondoka. Ngwea, watu wa Dar walimuaga viwanja vya Leaders, watu wa Morogoro wakamzika Kihonda, we wa Dodoma ukafungua duka kama kawaida. Ndo maana kila mwezi wa tano unaanza upya, msiba wako haujawahi kukaliwa na mtu.

Na kuhusu machozi kutoka yenyewe kwenye bajaji, hilo hata lisikutishe. Wanaosoma mambo ya kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba vitu vya ujanani, tuseme kuanzia miaka kumi mpaka huko kwenye ishirini na kitu, ndo vinavyong'ang'ania kichwani kuliko vya umri mwingine, na mziki ndo unavivuta haraka. Wimbo ukianza we husikii wimbo peke yake, unasikia mashine ya kunyolea, unasikia harufu ya spiriti na poda, unaiona ile karatasi ya mitindo ya nywele yenye namba ukutani, mteja anasema nikate namba nne. Huwezi kujizuia kwa sababu unakuwa umeshafika kule kabla hujajua.

Haya, sasa shemeji. Mdogo wangu, barua yako nimeisoma vizuri, na kuna maneno matatu umeyapitisha haraka haraka mwishoni kama mtu anapitisha kuku kwenye basi. "Mengine ya ujana." Hapo nilivua miwani nikafuta nikavaa tena. Mume wako sio mjinga, miaka yote hiyo anaona mke analia mwezi wa tano, anaambiwa ni Ngwea, na yeye anahisi kuna kitu kimebaki hakijasemwa. Na kweli kimebaki. Simaanishi unamtaka huyo mtu wa ujana, huenda sa hivi ana kitambi na wake wawili huko Singida, namaanisha kwamba mwenzio anapigana na kivuli, na mtu anayepigana na kivuli anapiga chochote kilicho karibu, hata flashi.

Kufuta nyimbo kafanya vibaya, tena kitoto, na umwambie hivo hivo bila kupaka rangi. Lakini kabla ya hapo mkalishe siku watoto wamelala, TV imezimwa, umsimulie kibanda cha kaka. Chote. Benchi lilikaa wapi, kaka alikuwa anakufokea nini, nani walikuwa wanakuja, mlikuwa mnakula nini. Naweza kuweka dau kwamba anajua kaka yako alifariki lini na kazikwa wapi lakini hajui alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu watu wengi tunawasimulia waume zetu misiba hatuwasimulii marehemu. Yule mwingine wa shule akiulizwa, jibu kwa sentensi moja: nilikuwa binti, kulikuwa na mvulana, yaliisha huko huko. Usidanganye na usirefushe, wala usitoe jina, haulizwi mtu jina la mwaka 2004. Alafu umuulize na yeye wimbo gani ukipigwa anakuwaga kimya. Anao. Mwanaume wa umri huo asiyekuwa na wimbo wake wa kunyamaza mi sijakutana naye, na akikuambia kabisa kauweka moyoni kwa ajili ya nani usije ukanuna, maana we ndo umeanzisha.

Mama mkwe achana naye kwenye hili, kwa heshima zote. Kwake kilio bila maiti ni uchuro, kakulia hivo, hutambadilisha kwa maelezo ya Bongo Fleva. Ukizidiwa nenda chumbani, ukitoka msalimie mpe chai.

Wifi naye na utani wake wa Mirembe, mwambie Mirembe ni hospitali sio tusi, wanatibiwa watu pale na wanarudi kwenye kazi zao. Na mi nitakuambia ukweli, kama hayo machozi yanakuja na kukosa usingizi wiki kwa wiki, chakula hakipiti, duka hulifungui, au unaanza kuwaza bora na we ungeondoka, basi usingoje ushauri wangu wala wa mtu mwingine, nenda ukamwone daktari. Kwa ulivoandika sioni hivo. Naona mtu anayelia dakika tano kwenye bajaji afu anashuka anaenda kuuza losheni.

Kaseti sasa, hapa nisikilize vizuri kwa sababu hii haina ya pili. Usiiweke kwenye redio yoyote ya kuazima. Redio zilizokaa muda mrefu zinakula kanda, utaitoa imejisokota kama uzi wa fuma na kaka ameondoka tena. Kwanza angalia juu ya kaseti, vile vijino viwili vya plastiki kama bado vipo vivunje, hapo hata mtu akibonyeza rekodi kwa bahati mbaya haitarekodi juu yake. Chukua kalamu ya Bic, izungushe taratibu uone kama mkanda unatembea au umenata, ukinata usilazimishe. Afu uliza uliza mafundi redio pale Majengo, tafuta wa umri mkubwa, mwambie asafishe deki na ajaribu na kaseti nyingine kwanza, ikicheza vizuri ndo mnaweka ya kwako, na waya wa AUX unaingia kwenye kompyuta kurekodi moja kwa moja. Isichezwe mara tatu nne za majaribio, irekodiwe hiyo hiyo ya kwanza. Nakala moja kwenye simu yako, moja kwenye flashi, moja kwa ndugu mwingine. Na usiiache dukani juani wala juu ya spika.

Unasema unaogopa kuisikia. Huna haja ya kuisikia siku hiyo. Mpe fundi kazi, we kaa nje, sikiliza ukiwa tayari hata kama ni mwakani. Ila mkanda hausubiri uwe tayari, unachakaa tu humo ndani.

La mwisho, kama nafasi na nauli vipo. Mwezi wa tano ukifika panda treni ya SGR asubuhi na mumeo, mshuke Morogoro, Kihonda iko kule kule upande wa barabara ya kuja Dodoma, mkasimame pale kwenye kaburi la kijana wa watu mseme pole mlizokuwa mnadaiwa, mle chakula mjini, jioni mmerudi nyumbani. Akikataa kwenda nenda na mwanao mkubwa. Ukishindwa kabisa wala haidhuru, msimulie mtu, ndo kukaa matanga kwenyewe.

Na pole ya kaka pia, nilikuahidi. Inaonekana alikuwa mkali kwa mambo ya mwanga.

Shemeji, najua utasoma hii kwa kuchungulia simu ya mkeo. Rudisha zile nyimbo kwenye flashi leo leo, albamu nzima, usichague chague.