Maswali ya Wasomaji: Ndege, Mawingu na Mvua ya Mawe

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mkulima mdogo wa chai karibu na Nandi Hills. Mwezi uliopita mvua ya mawe ilinyesha kwa dakika kumi hivi, na kesho yake mama alipoingia shambani na kikapu chake alikuta majani machanga yametobolewa na vichipukizi vimekatika, vinaning'inia kwa ganda tu. Wazee husimulia kwamba zamani kulikuwa na ndege iliyopaa alasiri kwenda kuyavunja mawe mawinguni. Je, ni kweli? Na kama ilifaa, kwa nini isirudishwe?

Jibu: Marahaba, na poleni sana wewe na mama. Wazee hawajakudanganya kuhusu ndege. Mapema katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho walijaribu kwanza maroketi yaliyolipuka mawinguni, na mwishoni mwa miaka hiyo wakaajiri marubani kutoka Marekani, ambao ndege zao zilichoma fataki zenye iodidi ya fedha, kemikali inayosaidia maji kuganda, ndani ya mawingu ya radi. Ila ndege haikuvunja jiwe lolote. Nia yake ilikuwa kuingilia kati kabla jiwe halijakua.

Siku mkipata mvua ya mawe tena, okota jiwe moja kubwa ulipasue kwa kisu upesi kabla halijayeyuka. Utaona pete, moja nyeupe, nyingine angavu kama kioo, zimepangana mithili ya kitunguu. Kila pete ni safari ya jiwe katika sehemu tofauti ya wingu. Juu huko yamo matone ya maji yaliyopoa chini ya nyuzi 0 lakini hayajaganda, kwa sababu maji safi yanayoelea hayagandi kwa urahisi mpaka yapate chembe ya kuanzia. Chembe zikiwa chache, vipande vichache vya barafu hujinyakulia maji yote na kunenepa, huku upepo wa ndani ya wingu ukiviinua mpaka vishindwe kubebeka. Iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinafanana sana na za barafu, huleta chembe nyingi mno kwa mpigo, kuanzia penye baridi ya takriban nyuzi 5 chini ya sifuri. Tumaini ni kwamba maji yaleyale yakigawanywa kwa wengi, kila jiwe litabaki dogo na kuyeyuka likiwa njiani.

Hapo ndipo penye ugumu wa milima yenu. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nanyi mko karibu na 2,000, kwa hiyo jiwe linaloanguka kwenu lina safari fupi zaidi katika hewa yenye joto. Aidha, alasiri pepo kutoka Ziwa Victoria hukutana na pepo za mashariki juu ya miinuko hiyo, na mawingu hupanda kwa nguvu. (Mwaka 1982 watafiti waliandika kwamba hata vumbi la majani makavu ya chai chini ya mimea lina chembe zinazogandisha maji, wakajiuliza iwapo wachumaji wenyewe, wanapolitimua, huchangia mawe. Ni dhana tu, lakini naipenda kwa kuwa imeanzia shambani.)

Je, ilifaa? Waliouendesha mradi wa Kericho waliripoti kwamba hasara ilipungua, na sina sababu ya kuwashuku kuwa walisema uongo. Hata hivyo kazi yao ilikuwa kulinda chai, na dhoruba mbili hazifanani kamwe, hivyo ni vigumu kujua jiwe lingekuwa kubwa kiasi gani pasipo ndege. Majaribio makali zaidi, ambamo kura iliamua siku za kutibu mawingu na siku za kuyaacha, yalifanyika Colorado, Marekani, mwaka 1972 hadi 1974, na Uswisi mwaka 1977 hadi 1981. Yote mawili hayakuonyesha upungufu wa mawe unaoweza kuaminika. Mbinu hiyo bado inatumika, kwa mfano katika jimbo la Alberta, Kanada, ambako kampuni za bima hulipia ndege tangu 1996, lakini wao wana uwezo wa kubahatisha. Mimi nisingemshauri mkulima mwenye ekari moja akatwe senti kwenye bonasi yake ya chai kwa ajili hiyo.

Swali: Hapa Njoro tumepoteza mahindi kwa ukame. Kwa nini serikali ya kaunti isitumie ndege hizo kuleta mvua? — Msomaji, Nakuru

Jibu: Kwa sababu ndege haileti wingu, bali huchokoza wingu lililokwisha kuwapo. Mwanasayansi wa Marekani Vincent Schaefer alipomwaga barafu kavu (hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) kutoka kwenye ndege huko Massachusetts mnamo Novemba 1946, akaona theluji ikidondoka, wingu lilikuwa tayari limetanda. Ushahidi ulio wazi kabisa wa siku hizi umetoka Idaho mwaka 2017, ambako rada ilionyesha theluji ikijipanga kwenye njia ileile iliyopitiwa na ndege. Lakini hayo yalikuwa mawingu ya baridi yanayokwea milima, tofauti kabisa na anga ya Januari ya Njoro, isiyo na wingu tangu asubuhi hadi jioni. Wingu linalokubali kuchokozwa huja Aprili, wakati ambao mvua kwa kawaida inanyesha yenyewe. Afadhali kuivuna mvua hiyo: paa la bati lenye mita za mraba 50, likipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 1,000 za maji, na kinachohitajika ni mfereji na tangi.