Kiti cha magurudumu cha umeme na sheria ya barabarani
Ndugu, unasema mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu cha umeme ni dereva, na kwamba njia zikiwa mbovu abaki nyumbani. La: akiwa kwenye mwendo wa kutembea huyo ni mwenda kwa miguu, si dereva, hata kama kiti chake kina mota. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema hivyo: anayekisukuma kiti mwenyewe, au anayekwenda nacho kwa mwendo wa kutembea, ahesabiwe sawa na waenda kwa miguu. Kwa hiyo nafasi yake ni ile iliyotengwa kwa ajili yao, na kwenye kivuko magari yanampisha. Anayempigia honi atoke pundamilia ndiye anayevunja sheria.

Mambo hubadilika kiti kinapokuwa na kasi zaidi, na hapo kila nchi ina kanuni zake. Uingereza, kwa mfano, kuna daraja (aina) la viti hivi linaloruhusiwa kufika maili 8 kwa saa barabarani, lakini likipanda njia ya miguu mwisho ni maili 4. Kiti cha daraja hilo lazima kisajiliwe na mtumiaji awe ametimiza miaka 14, ila leseni ya udereva haitakiwi.

Na hoja kwamba "njia ni mbovu, abaki nyumbani" haina msingi kabisa. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu (2006) inazitaka nchi wanachama ziondoe vizuizi barabarani, na ibara ya 20 inahusu uwezo wao wa kwenda huku na kule kwa kujitegemea. Gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu linamsukuma mtu huyu katikati ya magari.