Koku, mlango wa kutokea uko wapi?

Kyaka, Jumapili jioni

Mwanangu Koku,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, mguu umepungua kuvimba na ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeuliza: "Baba, serikali ilishakula pesa zako. Mbona unanizuia kuweka akiba yangu kwenye Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, mahali ambapo serikali haifiki?" Ni swali la haki, na siwezi kulijibu kwa simu huku mtandao ukikatika kila nikifika kwenye pointi.

Kwanza nikueleze zilivyoliwa, maana naona shangazi yako alikusimulia nusu. Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa miaka 25, napakia dagaa kwenye baiskeli, nalala Mutukula mpakani, kesho yake niko Kyotera, upande wa Uganda. Huku kwetu kukutwa na fedha za kigeni ilikuwa kesi. Vita ya wahujumu uchumi ya 1983 ilikuwa bado haijatoka vichwani; watu walikuwa wametupa hata sabuni porini kwa hofu. Kwa hiyo shilingi za Uganda sikuvuka nazo. Niliziacha kwa mama mwenye nyumba Kyotera, ndani ya debe, juu yake karanga. Zilikuwa laki sita.

Mwezi Mei serikali ya Museveni ikatangaza shilingi mpya: mia za zamani kwa moja mpya, na hapo hapo inakata kodi ya asilimia 30. Laki sita zikawa elfu sita, na katika hizo ikachukua 1,800. Zikabaki 4,200. Wakati huo huo shilingi yenyewe ikashushwa mbele ya dola.

Nusu ambayo shangazi yako hakukupa ni kwamba hata hizo 4,200 nisingeziona. Mimi mgeni, sina karatasi, mchuuzi wa magendo, ningesogea dirishani nikajiita nani? Yule mama alizichanganya na zake, akaenda kupanga foleni tangu alfajiri. Jioni akarudi na noti mpya zimefungwa kwenye ncha ya leso, akanihesabia mbele ya kandili. Angesema zimepotea, ningemshitaki wapi?

Tangu siku ile kila pesa naiuliza jambo moja: mlango wake wa kutokea uko wapi, na nani amesimama pale.

Kuhusu shilingi yetu sikupingi. Mwaka 1985 dola ilikuwa kama shilingi 17. Miaka ya karibuni imeshapita 2,400. Kiinua mgongo cha babu yako kilipofika kikanunua mabati ya upande mmoja wa paa, upande wa pili ukabaki nyasi mpaka tunamzika. Hakuna mwizi aliyeingia ndani. Kwa hiyo ukiniambia Bitcoin zina kikomo cha milioni 21 na hakuna gavana wa kuongeza hata moja, nakuelewa, tena naifurahia akili ya waliobuni. Na mtu wa Beirut, kule Lebanoni, ambaye tangu 2019 benki zimemfungia dola zake mwenyewe, nisingethubutu kumhubiria.

Ila wewe hauko Beirut. Hebu fuata pesa yako hatua kwa hatua. Umeituma kwa laini uliyoisajili kwa alama za vidole. Imekatwa ada ya muamala, na tozo za mwaka 2021 unazikumbuka, uliandika maneno makali mpaka nikakuomba ufute. Benki Kuu ilitangaza 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi nchini. 2024 ikaja sheria ya kukata asilimia 3 zinapouzwa. Mtoto hawamtambui, mahari yake wanaitaka! Na siku ukitaka kulipa ada ya shule ya Mugisha utarudi pale pale kwenye shilingi, kwa wakala yule yule, kwa kidole kile kile. Hapo serikali haifiki wapi?

Halafu umeandika, kama jambo dogo tu, kwamba "anakutunzia" kijana mmoja wa Sinza mwenye akaunti kubwa. Koku! Hapo ndipo niliweka kikombe cha chai chini. Kumbe hata hiyo Bitcoin huna. Una ahadi ya kijana wa Sinza. Kampuni ya FTX, iliyokuwa ikiuza na kuwatunzia watu sarafu hizi, ilikuwa na matangazo kila kona ya dunia, na ilipoanguka Novemba 2022 watu walibaki wanatazama tarakimu kwenye simu. Mwezi ule bei ya Bitcoin moja ilishuka chini ya dola 17,000, mwaka mmoja nyuma ilikaribia 69,000. Bei ikishuka unaweza kusubiri. Kijana akizima simu unasubiri nini?

Kiwanja chako cha Kibaha usiuze kwa ajili ya Bitcoin. Hilo sijadili. Katika zile milioni sita za akiba yako, moja fanya unavyotaka, ni jasho lako. Lakini mwambie kijana akuhamishie Bitcoin zako leo, zikae kwenye pochi ya mtandaoni ambayo maneno yake 12 ya siri, yaani ufunguo wake, unayo wewe peke yako, yameandikwa kwa kalamu, siyo kupigwa picha. Akianza kusema "mtandao unasumbua, subiri Jumatatu", nipigie kabla ya Jumatatu.

Karatasi hiyo ukiogopa kuiacha Dar, ilete. Mama yako ameficha hati ya shamba miaka thelathini na mimi mwenyewe sijui iko wapi. Uje Novemba, senene watakuwa wameanguka. Nitakuonyesha noti moja ya zamani ya Uganda ambayo yule mama aliisahau chini ya debe, akanitumia mwaka uliofuata kwa dereva wa lori. Panya wamekula kona moja.

Baba yako