Mwaka wa kwanza chuo sio wa kupumzika

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kweli mwaka wa kwanza chuo ni wa kula raha maana wenzio wanakwambia utakaza huko mbele. Usiwasikilize kabisa. GPA ni wastani wa pointi za masomo yako yote tangu semista ya kwanza, kwahiyo ukipata 2.0 semista ya kwanza alafu ya pili ukapambana mpaka 4.0, masomo yakiwa na uzito sawa bado GPA yako inasoma 3.0, ile ya mwanzo inakuvuta tu. Mi niliwahi kuachia asaimenti ya grupu mpaka usiku wa mwisho, tukatuma saa sita kasoro na jina la mwenzetu mmoja tukalisahau, yule dada alilia mlangoni kwa mwalimu na mpaka leo nikikumbuka naumia. Chuo hakuna wa kukuamsha wala kukukagulia daftari, ni wewe mwenyewe. Pitia notisi jioni ileile, zifunike alafu ujaribu kuandika ulichokumbuka, hiyo inashika kuliko kurudia kusoma tu. Na usipoelewa mfate mwalimu wiki hiyohiyo, usisubiri mtihani ukaribie ndo uanze kumtafuta.