Kabla hamjafuta: kwa wadogo zangu wa redio ya shule

Jumamosi iliyopita nilipita shuleni, hapa Dodoma, kumsalimu mwalimu mlezi wa klabu, nikawakuta wanachama wapya wa kidato cha tano wakiandaa kipindi cha historia ya redio yetu. Nilifurahi sana. Muda mfupi baadaye nikamwona fundi mitambo wao akifuta kwenye memori kadi mahojiano ya dakika 40 na mama aliyepika bwaloni tangu enzi za waanzilishi, kwa maelezo kwamba kadi imejaa na zile dakika 3 zilizohitajika zimeshahaririwa. Niliichukua kadi mkononi mwake bila kuomba, jambo lisilo la adabu kwa mgeni, na ninamwomba radhi. Ninayoandika hapa ni sababu ya mkono wangu kutangulia kabla ya kinywa.

1. Logi, yaani daftari la matangazo, iandikwe kila siku, hata siku ambayo umeme ulikatika na hakuna kilichorushwa. Andikeni saa kwa mtindo mmoja tu, na mwandike ni asubuhi au jioni. Katika daftari la zamani yupo mtangazaji aliyeandika 10:30 akimaanisha saa ya Kiswahili, kabla ya prepo, na mwenzake wa zamu iliyofuata aliandika 4:30 kwa kipindi hichohicho, kwa kuwa ndivyo saa yake ya mkononi ilivyosoma. Sasa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama kipindi cha kwanza cha maswali na majibu kilirushwa wakati wa mapumziko ya asubuhi au jioni, na wote wawili waliandika kwa nia njema kabisa.

2. Mnaporekodi uwanjani, vikeni maikrofoni sponji, kwa kuwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa Agosti haumsubiri mtu amalize sentensi.

3. Msishawishike kununua kile kitransmita kidogo cha FM kinachouzwa mtandaoni. Masafa ya 87.5 hadi 108 MHz si uwanja wa wazi. Kurusha matangazo hewani kunahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na waanzilishi wetu walikuwa na busara ya kutumia amplifaya moja, spika mbili za honi na waya uliopitishwa juu ya miarobaini hadi mabwenini. Hiyo ni redio kamili, msiionee haya.

4. Katika rasimu yenu mmeandika kwamba sisi ni redio ya kwanza ya wanafunzi. Ya kwanza wapi? Neno hilo lina mvuto kwa mtangazaji, nami nalijua, lakini linadai ushahidi. Huko Marekani, wanafunzi wa sekondari ya New Albany, jimbo la Indiana, walianza kurusha matangazo ya redio yao, WNAS, mwaka 1949, ilhali Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuwa chimbuko la Redio Tanzania na baadaye TBC, ilianza mwaka 1951. Wanafunzi wa mji mdogo wa mbali walikuwa hewani kabla ya nchi yetu kuwa na redio yake. Andikeni kile ambacho mmekisikia kutoka kwa waliokuwapo, nacho kinatosha.

5. Msifute rekodi ghafi. Hapa nitakaa kidogo, na ninaomba mnivumilie.

Nilipokuwa kidato cha sita nilikuwa mwenyekiti wa klabu, na siku mbili kabla ya mahafali nilihitaji kaseti ya kurekodia salamu za wahitimu. Fedha ya klabu ilikuwa imekwisha, na kwenda mjini Majengo kununua nyingine kulihitaji ruhusa ya mwalimu wa zamu. Stoo kulikuwa na kopo la maziwa lililojaa kaseti za zamani, nikatoa moja isiyo na lebo, ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Mgongoni mwake vile vijipande viwili vya plastiki vilikuwa vimevunjwa. Nilijua maana yake. Kila mtu wa redio wakati ule alijua kwamba vijipande hivyo huvunjwa na mtu anayetaka kaseti isirekodiwe tena, kwa kuwa tundu likibaki wazi kitufe cha kurekodi hakishuki. Mtu ambaye sikumfahamu alikuwa amenikataza, kwa njia pekee aliyoweza kumkataza mtu ambaye hatamkuta. Nikakata selotepu, nikaziba matundu yote mawili, kitufe kikashuka.

Kabla ya kurekodi nilisikiliza sekunde chache. Nilisikia mvumo, mtu akikohoa, na ngoma kwa mbali. Nikaamua kwamba ni kelele. Nikarekodi dakika 26 za salamu na nyimbo, na mahafali yakapendeza.

Wiki chache baadaye mwalimu mlezi alikuja na mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, aliyefunga waya wa kwanza wa redio yetu. Alikuwa amefuatana na mjukuu wake na alitaka amsikilizishe kaseti ya siku ya ufunguzi, yenye hotuba ya mkuu wa shule wa wakati ule, ambaye alikuwa amefariki, sauti yake yeye mwenyewe akieleza mitambo, na wanawake wa kijiji jirani wakipiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani. Alisema tutaitambua kwa urahisi kwa sababu aliivunja mgongo kwa bisibisi yake. Nilikwenda stoo nikiwa ninajua tayari. Tulipoiweka ikatoka sauti yangu ikiwatakia wahitimu mafanikio mema, naye mzee akaendelea kusikiliza kwa heshima, kichwa amekiinamisha, akidhani sehemu yake inakuja, mpaka mwalimu aliponyoosha mkono na kuizima. Mzee hakunigombeza. Alimwambia mjukuu wake kwamba kaseti huchakaa.

Haikuchakaa. Kichwa cha kufutia hupita juu ya utepe kabla ya kichwa cha kurekodia, na kilichopita hapo hakirudi. Baadaye nilisoma kwamba hata BBC ya Uingereza ilikuwa ikifuta kanda za vipindi vyake ili izitumie upya, mpaka ilipoacha mwaka 1978. Habari hiyo haikunifariji hata kidogo.

6. Kwa hiyo hesabu ni hii: rekodi ya WAV ya ubora wa sidii hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, na MP3 ya kilobiti 128 hula takriban 1. Mahojiano yenu ya dakika 40 yangeingia kwenye flashi yoyote. Wekeni nakala mbili, moja kwa mwalimu mlezi, moja maktaba, na kila faili liwe na tarehe na jina la anayezungumza. Aliyemaliza kidato cha sita mwezi wa Mei hakutani na anayeingia cha tano mwezi wa Julai, na ninyi mtamjua mtangulizi mmoja tu na mrithi mmoja tu. Watakaofuata watawajua kwa kile mtakachokiacha kabatini.

Ile kaseti nilikaa nayo miaka mingi bila kuigusa. Mwaka jana niliisikiliza hadi mwisho, na baada ya dakika yangu ya 26, pale salamu zinapokatika, muheme unaingia katikati ya pigo, kisha sauti ya mwanamume inaomba watu wasogee kwa sababu waya wa bweni la wasichana bado haujaunganishwa, watu wanacheka, na ngoma inaendelea mpaka utepe unapoisha. Ni dakika 4. Yule mzee hakuwapo tena wa kumpelekea.

Nimeibandua selotepu na kuiacha kaseti kwa mwalimu mlezi. Ihamisheni kwenye kompyuta mapema, siku ambayo umeme ni wa uhakika, anzeni dakika ya 25 ili pigo la kwanza lisikatwe, na kwenye logi mwandike tarehe na majina yenu.