Boti ya Amazon Peru, mwezi wa nne au wa nane?

Mkuu, umeuliza kwa boti ya Amazon kule Peru uende mwezi wa nne au wa nane, na kama kutembelea vijiji kuna maana. Mi ningeenda wa nne. Mto unakuwa umejaa, boti ndogo inapenya mpaka ndani ya msitu uliofurika, unajikuta karibu usawa wa matawi na tumbili wako hapo juu yako wanarukaruka, wakati mwezi wa nane maji yanashuka, unatembea zaidi kwa miguu na ndege wanajaa kingoni kuvizia samaki, nayo safi tu kama unapenda kutembea.

Iquitos, mji ambako boti zinaanzia, hakuna barabara ya kutoka Lima, panda ndege. Chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku 10 kabla. Ratiba iwe na hifadhi ya Pacaya-Samiria.

Vijiji ndo uwe makini. Uliza kabla hujalipa, wenyeji wamekubali wageni? Hela inamfikia nani? Beba soles (hela ya Peru) noti ndogondogo, ununue vikapu vya chambira kwa mama aliyevisuka mwenyewe, ni nyuzi za mti wa porini wa jamii ya mnazi zilizotiwa rangi za mimea, kazi ya mikono kabisa. Ila ukiletewa slothi, yule mnyama wa mitini anayetembea polepole, umshike upige picha kataa tafadhali, wanatolewa msituni kwa ajili ya hiyo picha na wengi hawadumu. Pomboo wa pinki wacheki asubuhi pale mito inapokutana.